Mizani ya Mia Mbili na Kumi na Nne

Alhamisi, siku mbili kabla. Ruse imefunikwa na ukungu
utokao Danubi, mzito kama blanketi la hospitali.
Mashine ya kunakili imeishiwa wino
katikati ya kurasa za obo ya pili,
nami, Zdravka binti Tonyo fundi mizani,
najaza vichwa vya noti kwa kalamu,
kimoja kimoja, kama mtu achambuaye dengu.

Kwenye karatasi ya programu wamekosea jina langu.
Wamenipa herufi isiyo yangu.
Nimewaambia si neno.
Ni neno.

Mazoezi ya asubuhi: ukumbi una baridi,
wapiga chelo wamevaa glavu zilizokatwa vidole.
Tarumbeta zinaingia mapema,
zinaomba radhi, zinaingia tena mapema.
Kisha tunafika mizani ya mia mbili na kumi na nne
ambapo nimeandika: viola peke yao, sauti moja,
upinde utetemeke, pole, pole zaidi,
hadi utulie wenyewe.
Hesabu sikuandika.

Mwongozaji, Bwana Krastev, anaweka kijiti chini.
"Bibi Toneva, ni muda gani?"
Hadi utulie.
"Sekunde ngapi?"
Hadi utulie.
Anawatazama wapiga viola; wapiga viola wanatazama saa.
"Watu watadhani tumesahau. Watakohoa.
Tuikate. Hakuna atakayejua."

Nikasema nitafikiri,
lile jibu la mwoga aliyevaa koti zuri.

Baba alikuwa na kibanda nyuma ya soko,
chumba kisichozidi kabati, kimejaa mikono ya shaba,
sahani, minyororo, mawe ya kupimia.
Wachuuzi walimletea mizani zilizojifunza uongo:
hii inaongeza gramu ishirini, ile inakula hamsini.
Hakuwauliza nani aliifundisha.
Aliweka jiwe kwenye sahani, mshale ukaruka,
ukaipita kweli, ukarudi, ukaipita kwa upande wa pili,
nami, mtoto wa miaka saba, nikapaza sauti: Kilo na robo!
Akanifunika mdomo kwa kiganja chenye harufu ya grisi.
"Bado," akasema. "Huo ni mshtuko. Si uzito."

Siku ya maziko yake niliuona mkono wangu
ukitetemeka na konzi ya udongo, nikamsikia.
Miaka tisa sasa. Nilidhani naandika kazi ya okestra nzima;
kumbe ngoma zile, filimbi zile,
tarumbeta zisizojua kusubiri,
zote ni ngazi tu ya kunifikisha pale.

Ijumaa najikuta sokoni, nanunua matofaa nisiyoyahitaji.
Mizani za siku hizi ni za umeme, tarakimu nyekundu,
na muuzaji anataja bei kabla sijaondoa mkono.
Hata hivyo, ukikaza macho, zile tarakimu
zinahangaika kidogo, tano, sita, tano,
ndipo zinakubali.

Nampigia Krastev simu, mfuko ukinikata vidole.
"Haikatwi."
Upande wake nasikia vyombo vikioshwa.
"Basi nipe namba," anasema, "hata ya uongo."
Mwachie Radostina, namwambia, yule wa kiti cha kwanza,
mwenye bega bovu. Bega lake litajua.
Anacheka. Au anakohoa. Simu inakatika.

Jumamosi. Kifungo cha gauni kimenyofoka,
nimeshikiza kwa pini, na pini inanichoma
kila ninapovuta pumzi ndefu,
kwa hiyo navuta fupi.
Nimekaa safu ya mwisho, karibu na mlango,
pale wanapokaa wenye nia ya kutoroka.
Obo inatoa la (ile noti, si katazo)
na wote wanaitafuta, nyuzi kwa shaba,
wanaipita juu, wanaipita chini,
wanarudi.

Mzee wa nyuma yangu ameshaanza kukohoa.
Bado, namwambia, bila kugeuka.
Bado.